Namba 64: jinsi tulivyochimba lithiamu isiyokuwepo Sikonge

Mimi ndiye niliyemwambia baba auze ng'ombe. Naanza na hilo kwa sababu kijijini bado wapo wanaosimulia kwamba mzee aliingiwa na tamaa uzeeni, na si kweli. Baba alikuwa na mashaka tangu siku ya kwanza. Mwenye simu janja nilikuwa mimi, mwenye duka la pembejeo Tabora mjini nilikuwa mimi, na aliyekuwa halali usiku akisoma habari za betri za magari ya umeme ni mimi.

Shamba letu liko wilaya ya Sikonge, ndani kidogo ukiiacha barabara ya kwenda Mpanda. Nyuma ya mabani ya kukaushia tumbaku kuna kilima kifupi cha mawe ambacho sisi watoto wote tumekulia juu yake. Mawe yake ni meupe, mengine yana rangi ya waridi iliyopauka, na katikati yamejaa ulanga, zile karatasi za kung'aa ambazo ukizikwangua kwa ukucha zinabanduka moja moja. Tulizichezea kama noti. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuyaangalia mara mbili, isipokuwa mama, aliyekuwa akichukua mafiga pale.

Kisha ikaja ile miaka ambayo kila mtu alizungumza lithiamu, metali inayoingia kwenye betri hizo. Novemba 2022 tani moja ya kaboneti ya lithiamu, ule unga mweupe ambao viwanda vya betri hununua, kule China ilikaribia yuani 600,000. Mwezi uliofuata Zimbabwe ikapiga marufuku kusafirisha nje lithiamu ghafi. Shemeji yangu aliyeko bandarini Kigoma akawa ananipigia kunisimulia habari za Manono, ng'ambo ya ziwa, ndani ya Kongo, ambako Wabelgiji walichimba bati zamani na sasa dunia nzima inayagombania mawe yale yale kwa ajili ya lithiamu iliyomo. Nikasoma kwamba lithiamu ya kwenye mwamba hukaa ndani ya jiwe liitwalo pegmataiti, lenye kwatzi, feldispa na ulanga. Nikasimama kaunta dukani kwangu nikakikumbuka kile kilima, mikono ikaanza kunitetemeka.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Ni kweli lithiamu ya mwamba hupatikana kwenye pegmataiti. Lakini pegmataiti zilizo nyingi hazina lithiamu ya kuchimba. Nilisoma sentensi moja, ile ya pili sikuitafuta.

Juni 2023 akaja dalali. Jina lake silitaji. Alifika na gari safi, akamwamkia baba kwa adabu, akakubali uji. Kisha akatoa kifaa kinachofanana na mashine ya kutobolea ukuta, akakielekeza kwenye jiwe, akakibana kama bunduki. Tukasubiri kama dakika moja. Kwenye kioo zikatokea herufi na namba: Si, Al, K, Rb, na mstari mmoja uliosomeka LE 54.8.

"Mmeona wenyewe," akasema, akauweka ukucha wake juu ya ile L. "Lithiamu. Hamsini na nne nukta nane."

Mdogo wangu alipiga makofi. Mimi nilipiga picha.

Nataka nieleze kitu hiki taratibu, kwa sababu kile kifaa bado kinazunguka vijijini na ndicho kinachowamaliza watu. Bunduki ile hupima kwa mionzi ya eksirei. Inasoma vizuri shaba, chuma, bati na madini mengine mazito. Lithiamu ni metali nyepesi kuliko zote, ni ya tatu kwenye jedwali la elementi, na bunduki ya aina hiyo haiwezi kuiona hata jiwe likiwa limejaa lithiamu. LE ni kifupi cha Kiingereza cha elementi nyepesi: ni jumla ya kila kitu ambacho mashine imeshindwa kukisoma, na sehemu kubwa yake huwa ni oksijeni iliyomo ndani ya jiwe. Ukilipima tofali la nyumba yako utaiona LE kubwa tu. Na hata bila kujua hayo, namba yenyewe ilitosha kutuzindua. Spodumini, jiwe linalochimbwa zaidi kwa ajili ya lithiamu, likiwa safi kabisa lina oksidi ya lithiamu, yaani lithiamu pamoja na oksijeni iliyoshikana nayo, asilimia 8 tu. Mtu akikuonyesha 54 anakuonyesha kitu kisichokuwepo duniani.

Kwa kutupimia alituchaji shilingi 400,000. Tulilipa tukimshukuru.

Baba akaitisha kikao cha familia. Mjomba ndiye aliyezungumza kwa nguvu zaidi. Alimtaja Msiri, yule aliyetoka huku Unyamwezi karne ya 19 akaenda kutawala Katanga kwenye shaba, akasema babu zetu walitembea kwa miguu hadi kwenye madini, sisi yametufuata mlangoni na bado tunajiuliza. Watu wakachangamka. Baba alikaa kimya muda mrefu, kisha akanigeukia.

"Mwanangu," akasema, "ng'ombe namwona. Hiyo lithiamu naonyeshwa."

Nilimjibu mbele ya ndugu wote kwamba dunia imebadilika. Maneno yale nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko kitu kingine chochote katika habari hii.

Shangazi ndiye aliyetuokoa upande mmoja. Dalali alikuwa amependekeza leseni iandikwe jina lake, eti kwa kuwa anaujua mfumo na ingetoka haraka. Shangazi akauliza, "Kama shamba ni la kaka yangu na jasho ni la watoto wake, karatasi iwe na jina la huyu kwa nini?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Leseni ikaombwa kwa jina la baba. Leseni ya uchimbaji mdogo hudumu miaka saba, hupewa Mtanzania, na kwa madini ya aina hii eneo lake halizidi hekta 10. Ambaye jina lake liko kwenye karatasi ndiye mwenye haki ya kuchimba, hata kama wewe umezaliwa juu ya lile jiwe. Watu wengi hudhani mwenye shamba ndiye mwenye madini. Kisheria madini ni mali ya taifa. Shamba ni lako, na mchimbaji anahitaji ridhaa yako kuingia, lakini kilichomo chini hakiwi chako mpaka upewe leseni. Kwa hiyo kabla ya yote nenda ofisi ya madini, uliza kama eneo lako halimo tayari ndani ya leseni ya mtu mwingine. Sisi tulikuta liko wazi.

Agosti tukaanza. Vijana watano, 10,000 kwa siku kila mmoja, wenye nyundo na moko, zile patasi za kuvunjia mwamba, wawili kati yao waliowahi kukaa kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, ya dhahabu Nzega. Mmoja wao, kijana mpole, aliniambia wiki ya kwanza: "Dada, huku kwenye dhahabu huwa tunasaga kidogo, tunaosha, tunaona. Hapa tunaona nini?" Nilimwambia lithiamu haionekani kwa kuosha. Nilikuwa sahihi, na ndiyo sababu swali lake lilistahili jibu jingine: kwamba kama haionekani kwa macho, maabara ndiyo macho, na hatukuwa tumekwenda huko.

Mwamba ulipokataa kwa moko tukaita eskaveta. Siku nne, 900,000 kwa siku, na 800,000 ya gari la kuibeba kutoka mjini na kuirudisha. Ndipo ng'ombe sita walipokwenda mnadani. Sikwenda. Mdogo wangu alinisimulia kwamba baba aliwashika kila mmoja kwenye nundu kabla ya kuwaachia.

Kuna gharama moja ambayo hatukuiandika popote, nayo ndiyo iliyoumiza kuliko eskaveta. Ile ilikuwa ndiyo miezi ya vitalu vya tumbaku. Mikono yote ilikuwa kilimani, vitalu vikachelewa, miche ikawa haba na dhaifu, na mvua ilipoanza tukapandikiza kipande kidogo sana cha shamba. Anayelima anajua: msimu ukikupita hauwezi kuukimbiza. Na deni la pembejeo kwenye chama cha msingi halisubiri upate lithiamu.

Kufikia mwisho wa Oktoba tulikuwa na rundo la mawe la tani kama 60 kwa kukadiria, meupe yakimetameta jua la saa nne. Watu walikuja kupiga picha nalo. Dalali akasema kampuni moja ya Dar es Salaam inataka kununua, ila inataka kwanza sampuli na cheti cha maabara. Tukamkabidhi mfuko wa kilo 10. Wiki moja. Wiki mbili. Wiki ya tatu simu yake ikawa haipatikani, na haijapatikana mpaka leo.

Nilikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya madini, Desemba, nikiwa nimebeba mawe manne kwenye mkoba wa mtoto wa shule. Afisa aliyenipokea hakunicheka. Aliyageuza moja moja kwenye mwanga wa dirishani, akaniuliza kama kuna maabara iliyokwisha kuyapima. Niliposema hapana akanyamaza kidogo, kisha akanielekeza Dodoma, kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST. Na akanifundisha namna ya kuchukua sampuli. Nisichague mawe mazuri. Nipite kukatisha mkanda wa mwamba kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, nivunje vipande kwa nafasi zinazolingana, kila sampuli iwe kilo mbili au tatu, niiandike namba mfukoni na kwenye daftari, pamoja na mahali ilipotoka. Pale maabara niseme wazi kwamba natafuta lithiamu, kwa sababu jinsi ya kuliyeyusha jiwe kabla ya kulipima hutegemea unachokitafuta.

Nilichukua sampuli nne, nikapanda basi. Ada ya kuzipima zote haikufika pesa tuliyolipa siku moja ya eskaveta. Niliikunja ile risiti nikaikunjua mara kadhaa pale kituoni Dodoma, nikijumlisha.

Majibu yalikuja Januari 2024. Yalikuwa ukurasa mmoja. Nilishuka kwa kidole hadi kwenye safu ya lithiamu nikakuta: 41, 64, 38, 57. Moyo ukaruka. Sitini na nne! Nilimpigia baba palepale nikamwambia, "Baba, tumepata, moja imesoma sitini na nne." Nikasikia akimwita mama.

Kisha nikaona juu ya safu pameandikwa ppm.

Sikujua maana yake, ikabidi nimpigie mtu. Maana yake ni sehemu katika milioni. Asilimia moja ni ppm 10,000. Kwa hiyo 64 ni asilimia 0.0064. Na migodi hutangaza jiwe lake kwa oksidi ya lithiamu, siyo lithiamu yenyewe, hivyo unazidisha kwa 2.15 kupata namba ya kulinganisha: asilimia 0.014. Migodi mingi ya Australia inachimba jiwe lenye asilimia 1 hadi 1.5 hivi. Letu, lile lililoongoza, lilikuwa na chini ya sehemu moja ya 70 ya kile cha chini kabisa kati ya hivyo. Ni kiasi kinachopatikana kwenye mawe ya kawaida kabisa ya granaiti, yale ambayo Tabora nzima imekalia.

Kumpigia baba mara ya pili kulinichukua mpaka jioni. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi, mwanangu. Rudi nyumbani ule."

Naomba kila anayepokea cheti cha maabara aangalie kwanza kipimo kilichoandikwa juu ya safu kabla ya kuangalia namba. Ni ppm au ni asilimia? Ni lithiamu au ni oksidi ya lithiamu? Dalali mwenye nia mbaya anaweza kukuonyesha cheti halali kabisa na bado akakudanganya, kwa kukifunika kichwa cha safu kwa kidole gumba.

Yule niliyempigia, kijana aliyesomea jiolojia, alinionyesha baadaye jaribio ambalo ningeweza kulifanya dukani kwangu tangu Juni bila kulipa hata shilingi. Nina mizani ya kuning'iniza. Unalifunga jiwe kwa uzi, unalipima likiwa kavu. Kisha unalizamisha ndani ya ndoo ya maji, likiwa bado linaning'inia na halijagusa chini wala pembeni, unasoma tena. Letu lilisoma gramu 520 kavu, na 320 ndani ya maji. Tofauti ni 200. Gawanya 520 kwa 200, unapata 2.6. Hiyo ni feldispa, au kwatzi. Spodumini ni nzito zaidi, inatoa 3.1 hadi 3.2, kwa hiyo jiwe lile lile la gramu 520 lingesoma karibu 355 ndani ya maji. Jaribio hili halimalizi ubishi wote, maana kuna jiwe jingine la lithiamu liitwalo petalaiti ambalo ni jepesi, 2.4 hivi, na lepidolaiti, ulanga wa zambarau, huwa 2.8 au 2.9. Lakini mtu akikuambia hili ni spodumini na ndoo inasema 2.6, mwongezee uji aondoke.

Nilimuuliza pia, kwa uchungu niliokuwa nao, kama tungekuwa matajiri endapo lingekuwa na lithiamu kweli. Akachukua kalamu. Jiwe la asilimia 1.2 huvunjwa, husagwa na kutenganishwa hadi kupata mchanga wenye asilimia 6 hivi, na huo ndio wauzaji huuza. Mchanga huo huchomwa kwenye tanuru kwa nyuzi joto kama 1,050, kwa sababu spodumini ya asili haikubali tindikali mpaka umbo lake la ndani lifunguke kwa moto. Bani letu la tumbaku likifika nyuzi 70 baba halali, na hapo ndipo vikonyo vya majani hukauka. Kisha huchanganywa na tindikali ya salfa, huchomwa tena kwa nyuzi 250, huoshwa kwa maji, husafishwa, na mwisho hutiwa magadi, ndipo kaboneti nyeupe hutuama. Tani moja ya kaboneti hula karibu tani 8 za ule mchanga, na kila tani ya mchanga hula kama tani 7 za jiwe. Akajumlisha: rundo letu lote la tani 60, lingekuwa zuri kama la Australia, lingetoa tani moja tu ya kaboneti, baada ya viwanda ambavyo Tabora haina. Na bei yenyewe? Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa imeporomoka hadi karibu yuani 100,000. Anayeuza jiwe shambani angepata sehemu ndogo ya hiyo, akatwe na usafiri wa zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam.

Huko Chile, aliniambia, wanaitoa kwenye maji ya chumvi yanayoanikwa juani kwenye mabwawa kwa mwaka na zaidi. Shemeji wa Kigoma aliposikia hivyo akaanza kuuliza habari za chumvi ya Uvinza. Nilimwomba apeleke chupa moja ya maji maabara kwanza, kabla hajazungumza na mtu yeyote.

Hesabu yetu ilifunga hivi. Eskaveta na usafiri wake, 4,400,000. Vijana kwa siku 40, 2,000,000. Leseni, karatasi za mazingira na safari, 700,000. Dalali, 400,000. Chakula na mengineyo, 500,000. Jumla milioni 8: ng'ombe sita, malipo ya tumbaku ya mwaka uliotangulia, na mkopo wa milioni moja na nusu nilioutoa kwenye kikoba changu, ambao niliulipa kwa miezi 14. Msimu uliopotea haumo humo.

Feldispa ina kazi, hutumika kutengenezea vigae na vioo, na kwa muda nilitafuta mnunuzi. Kila niliyempata alitaja bei isiyolipa hata dizeli ya lori. Vijana wa kijijini wakayachukua mawe kidogo kidogo kwa misingi ya nyumba, baba akawaruhusu.

Leseni inasema lazima mashimo yafukiwe. La moko tulilifukia sisi wenyewe kwa koleo, wikendi tatu, mimi nikiwemo. Lile la eskaveta ni refu kuliko nyumba na hatujapata pesa ya kuliitia mashine. Masika ya kwanza lilijaa maji, ndama wa jirani akatumbukia, tukamlipa. Sasa baba amelizungushia matawi ya miiba, na usiku mvua ikinyesha, alfajiri huvaa buti zake akaenda kuangalia kama uzio umesimama.